Boksi la Tatu

Pale Nangurukuru, njia panda ya kwendea Kilwa, kila fundi alikuwa na jina la utani, na la Leonadi lilikuwa Pua. Wala pua yenyewe haikuwa kubwa. Ilikuwa pua ya kawaida ya mtu wa Newala, imekaa mahali pake, ila aliitumia kupita kiasi. Fundi mwingine akifungua boneti hutazama. Leonadi akifungua boneti hunusa. Alikuwa fundi rewaya, mtu wa nyaya na taa na umeme wote wa gari, na alishikilia kwamba waya ulioungua una harufu yake, betri iliyochemka ina yake, na stata iliyochoka ina yake vilevile. Watu walimcheka wee mpaka wakachoka wenyewe, maana mara nyingi alikuwa anapatia.

Basi asubuhi moja lori la mzee Abdulrahmani likaletwa gereji kwake likiburutwa kwa mnyororo. Ilikuwa mara ya pili kuletwa hivyo, na safari hii hakuna aliyecheka.

Hebu tuelewane kwanza kuhusu lori hili. Zilikuwa zile enzi ambazo soko huria limeshakolea, daraja la Rufiji limefunguliwa, na malori yaliyochoka Ulaya yanashushwa bandarini Dar es Salaam kama marobota ya mitumba. Zamani, huku kusini, lori lilikuwa chuma na dizeli. Likigoma unaligonga, linakuelewa. Haya mapya kwetu yalikuja na akili zao wenyewe. Nyuma ya dashibodi, upande wa abiria, kulikuwa na kisanduku cheusi cha plastiki, ukubwa wa mkate wa boflo, mafundi wakakiita kontroli boksi. Ukibonyeza honi usidhani unapiga honi wewe. Wewe unaomba tu, boksi ndilo linalopiga. Taa, waipa, indiketa, kufuli za milango, hata ruhusa ya kuwasha injini, yote yanapita kwa bwana huyo. Akiwa mzima, raha mustarehe. Akiugua, lori zima linaingia wazimu.

Na hili la Abdulrahmani liliingia wazimu kwelikweli. Jua linawaka, waipa zinapangusa kioo. Ukikanyaga breki, honi inalia. Mara ya kwanza watu wa Njia Nne, pale inapochepukia barabara ya Kipatimu, walisema lina jini. Leonadi akauliza ni jini gani huyo anayependa waipa, akafungua dashibodi, akakuta boksi limekufa. Likatafutwa jingine Dar, lililong'olewa kwenye lori bovu la aina ileile, akalifunga, wazimu ukaisha, akasifiwa mpaka akaona aibu. Lakini hata msimu wa machungwa haujaisha, hilo la pili nalo likafa.

Tena lilikufa pabaya. Kibwana, dereva wa lori, mpwa wake Abdulrahmani, alikuwa anashuka milima ya Umatumbi kutoka Kipatimu, machungwa yamejaa mpaka juu, jua linazama. Katikati ya mteremko taa zote zikazimika kwa mpigo na waipa zikaanza kucheza. Namna alivyolisimamisha lori kwenye kona ile anajua yeye na Mola wake. Aliposhuka, akakaa chini barabarani.

Sasa Abdulrahmani alikuwa amesimama mbele ya gereji, kofia yake ya vito imenyooka, boksi la tatu limefungwa ndani ya gazeti kwapani. Alikuwa mfanyabiashara wa Kivinje, mtu wa heshima zake, mpole wa kawaida, lakini siku hiyo upole aliuacha nyumbani.

"Shikamoo, mzee," akasema Leonadi.

Mzee hakujibu. Aliitazama ile shikamoo ikining'inia hewani, akaiacha hapohapo. Jamani, wenye kujua watu wa pwani wanajua hilo ni tusi la namna gani. Hata wachoma mihogo ng'ambo ya barabara waligeuka kutazama.

"Hili ni la mwisho," Abdulrahmani akasema, akaliweka boksi juu ya meza ya vyuma. "Watu wananiambia maneno, Leonadi. Wananiambia yule Mmakonde wako anachukua maboksi mazima anayapeleka Lindi, wewe anakufungia makopo. Mimi nimewaambia sitaki kuamini. Lakini hili nalo likifa, nitaamini. Na nikiamini mimi ataamini kila mwenye gari kutoka hapa mpaka Lindi mjini, kwa sababu nitapita kumwambia mwenyewe. Lori nitaliuza chuma chakavu, na huyu Kibwana akalime ufuta Kikole."

Leonadi alihisi masikio yanapata moto. Fundi rewaya hana duka wala hana minazi. Ana bisibisi, ana kifaa cha kupimia umeme, na ana jina. Hilo jina likishaingia doa, hata tochi ya mkononi hakuna atakayemletea. Alitamani kupiga kelele, kuapa kwa watakatifu wote aliofundishwa, kumshika mzee mkono amwingize ndani akague kila kona. Lakini macho yake yalikuwa yameshakwenda kwenye dashibodi ya lori. Alikuwa na hasira, ndiyo, na chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine kinamwasha zaidi. Alitaka kujua.

"Silifungi," akasema.

"Unasemaje?"

"Silifungi leo, mzee. Boksi halifi hivihivi. Haya yanakaa miaka na miaka kwenye baridi ya Ulaya, theluji na chumvi ya barabarani, yanakuja kufia kwetu hapa kama kuku wa kideri? Kuna kitu kinayaua. Nikilifunga bila kukijua, kitaliua na hili, na mimi utanimaliza. Nipe mpaka kesho."

"Machungwa yanaoza Kipatimu!"

"Yakioza kesho utanilaumu mimi. Boksi likifa njiani utamlaumu nani?"

Abdulrahmani akamtazama Kibwana. Kibwana akatazama viatu vyake. Mzee akasonya, akaondoka bila kuaga.

Leonadi akaanza kazi. Kwanza alichomoa waya wa betri, maana boksi hulichomoi umeme ukiwa ndani. Ukifanya hivyo unaliua mwenyewe na kutafuta mchawi. Akafungua kifuniko cha dashibodi upande wa abiria, akachomoa plagi moja moja, kila plagi akiifunga kipande cha uzi wa rangi yake asije akachanganya, kisha akalitoa boksi lililokufa, akalifungua kwa bisibisi nyembamba. Ndani, vile vijinjia vya shaba ambavyo umeme hupita vilikuwa vimeota kutu ya kijani.

"Maji," akasema. Hilo halikumshangaza. Kilichomshangaza ni rangi. Juu ya ile kutu na kando ya plagi kulikuwa na doa la manjano, manjano ya kung'aa, ambayo hakuwahi kuiona kwenye gari lolote. Akaliinua boksi puani.

Akanusa. Akalishusha. Akalitazama kana kwamba limemsemesha. Akanusa tena.

"Lina nini?" Kibwana akauliza.

"Linanukia vizuri."

"Vizuri vipi?"

"Vizuri. Kama nguo ya sikukuu." Akanusa mara nyingine, safari hii macho kafumba. Chini ya ukakasi wa plastiki iliyoungua na shaba iliyooza kulikuwa na harufu tamu, hafifu, harufu aliyokwisha kuinusa mahali fulani na watu wengi wamekaa. Alijitahidi aikamate, ikamponyoka. "Kibwana, sema kweli. Humu ndani unajipulizia manukato?"

"Mimi? Dereva wa machungwa?"

"Basi unapakia wanawake."

"Fundi, nitakushitaki kwa mjomba! Hicho kiti anakaa utingo wangu, na yule ukimnusa utazimia."

"Machungwa je? Unakula humu?"

Hapo Kibwana akakubali kwamba naam, machungwa anakula, dereva gani wa Kipatimu hali machungwa? Leonadi akashangilia moyoni. Manjano, tamu, majimaji: mambo si hayo! Akakamua chungwa juu ya kipande cha boksi la kwanza, ambalo bado alikuwa nalo kwenye debe la vyuma chakavu, akalianika juani na kwenda kunywa chai. Aliporudi, chungwa lilikuwa limekauka likaacha utando wa kunata uliojaa nzi. Rangi haikuwa ile. Harufu haikuwa ile hata kidogo. Ila kwa kulishika lile boksi la kwanza, akapata wazo la kulinusa nalo pia, upande ambao chungwa halikugusa, baada ya miezi yote ile kwenye debe.

Lilinukia vilevile.

Ee! Nywele zikamsisimka. Maboksi mawili tofauti, moja limekuja na lori na jingine limetoka Dar, na yote yamekufa yakinukia kama bibi harusi. Watu wakiambiwa hili watarudi kwenye jini lao, na safari hii hata yeye asingekuwa na la kuwajibu.

Mchana alifanya jaribio la maji. Alimketisha Kibwana ndani, akamtandikia magazeti makavu chini ya dashibodi, akafunga vioo, akapanda juu ya kibanda cha dereva na kumwaga ndoo baada ya ndoo kwenye kioo cha mbele, juani, wachoma mihogo wakishangilia kama wako mpirani. Mpira wa kioo ukivuja, magazeti yatalowa. Aliposhuka na kufungua mlango, Kibwana alikuwa amelowa jasho chapachapa, lakini magazeti yalikuwa makavu kabisa.

"Basi maji hayatoki nje," Leonadi akasema polepole. "Yanatoka ndani."

"Ndani hamna maji, fundi."

Leonadi hakubishana. Aliingiza kichwa chini ya dashibodi na tochi mdomoni, akalifuata lile doa la manjano kwa kidole. Lilikuwa limeacha njia yake kwenye nyaya, chirizi nyembamba, likipanda kutoka kwenye boksi, likapita nyuma ya redio, likapanda tena, mpaka kwenye vile vitundu virefu vilivyo juu ya dashibodi, chini ya kioo, vya kupitishia upepo. Vya upande wa abiria tu. Vya upande wa dereva vilikuwa safi. Akatoka kinyumenyume, uso umejaa vumbi na furaha.

"Mtu anamwaga kitu hapa," akasema. "Kwa juu. Mara kwa mara. Upande wa abiria."

"Wallahi hakuna mtu anayemwaga maji humu," Kibwana akasema, na aliapa kwa moyo mweupe. Leonadi alimtazama machoni akaona kijana hasemi uongo, na hapo ndipo alipozidi kuchanganyikiwa.

Akajikuna kichwa. Gari likiwa kwake, anajua kinachotokea. Likiwa barabarani, Kibwana anajua. Kulibaki nini?

"Safari zako zinaanzia wapi?"

"Nyumbani kwa mama, Kivinje. Kila safari naanzia pale."

"Basi nataka niione ikianza," akasema Leonadi.

Kesho yake akalifunga boksi la tatu. Alilinganisha namba zake na za lile la zamani, herufi kwa herufi, kwa sababu maboksi haya yana maringo, ukikosea namba gari halikujui. Akarudisha kila plagi kwenye soketi yake, uzi mwekundu kwa mwekundu, mweusi kwa mweusi, akarudisha waya wa betri, akavuta pumzi, akawasha. Injini ikaitika. Indiketa ya kulia ikawaka kulia, honi ikanyamaza mpaka ilipoguswa, na waipa zikalala chini kama watoto wenye adabu. Lakini kifuniko cha dashibodi hakukirudisha. Alikiacha wazi makusudi, boksi linaonekana pale lilipo, akalichukua lile lililokufa akalitia kwenye mfuko wa rambo, wakaondoka.

Nyumba ya Bi Adija, mama yake Kibwana, ilikuwa na uwanja mpana uliofagiliwa kwa mistari. Abdulrahmani, kaka yake, alikuwa ameshafika, amekaa barazani akiwangoja, uso bado umefungwa. Leonadi hakuthubutu kumtupia salamu nyingine ikaanguke. Lakini Bi Adija mwenyewe alitoka mlangoni mikono mbele, mama mfupi mwenye macho ya kuuliza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, marahaba! Wewe ndiye fundi? Wewe ndiye unayemtengenezea Kibwana gari? Karibu, karibu ndani, usisimame juani. Hivi kula umekula?"

Hakungoja jibu. Wali wa nazi ulikuja, pweza akaja, na pilipili ya embe mbichi ikaja. Na wakati Leonadi anakula, Bi Adija alikaa kwenye kigoda akamuuliza maswali, maswali ya kweli, si ya kupitishia muda. Ni kitu gani hasa kinachokufa kwenye gari? Kikifa kinachajiwa kama betri? Mbona gari la marehemu mume wangu halikuwa nacho?

"Lile lilikuwa la zamani, mama. Halikuwa na akili."

"Ndiyo maana basi," akasema Bi Adija, akacheka kidogo, kisha kicheko kikaisha. "Lilipinduka naye mteremko wa Kipatimu. Kibwana alikuwa bado anatambaa. Tangu huyu ashike usukani, mimi silali mpaka nisikie honi yake hapo nje. Lakini sikumwachia Mungu peke yake kazi yote, fundi, na mimi nafanya yangu. Nakuombea na wewe pia. Kila safari nakutaja."

Leonadi akarudisha tonge sahanini. Hakuna mteja aliyewahi kumwambia kwamba anamtaja kwenye dua, tena wiki ileile ambayo jina lake linatajwa kwa wizi. Macho yalimwasha, akasingizia pilipili.

Alasiri ikaswaliwa. Kibwana akapanda kwenye usukani, akapiga stata. Leonadi alipanda kwa mlango wa abiria, akajibanza nyuma ya kiti, akatulia, kwa sababu alikuja kutazama safari ikianza na hakutaka kuikosa hata chembe. Hakuwa na habari anatazamia nini. Labda utingo na chupa ya soda. Labda mtoto wa jirani na utundu wake.

Aliyekuja alikuwa Bi Adija. Alikuwa amejitanda kanga safi, mkono wa kulia kashika sahani nyeupe, kwa uangalifu kama mtu aliyebeba yai, na wa kushoto kashika mrashi, ile chupa ya shingo ndefu ya kunyunyizia marashi harusini na maulidini. Akakanyaga ngazi ya lori upande wa abiria, akajivuta juu, midomo inatembea.

Pua ya Leonadi ilijua kabla ya macho. Marashi! Harusi ya jirani yake Maftaha, watu wote wamekaa mkekani, mwanamke anapita akiwanyunyizia mikononi. Hapo ndipo alipoinusa. Kisha akaiona sahani: maandishi ya Kiarabu yamezungushwa kwa wino wa zafarani, na maji ya marashi yameshaanza kuyayeyusha, manjano, manjano ya kung'aa. Kombe. Mwalimu wa madrasa ameandika aya, mama ameziosha kwa marashi, na sasa anaiinamisha sahani juu ya dashibodi, juu ya vile vitundu virefu, na chini yake boksi la tatu limekaa wazi, la mwisho, lenye jina la Leonadi ndani yake.

Angepaza sauti. Mtu yeyote angepaza sauti. Lakini mama alikuwa katikati ya dua, amefumba macho, amefika mahali anapotaja majina, na Leonadi akasikia waziwazi: Kibwana mwanangu, na fundi wake. Akajirusha mbele kwa magoti, akaunganisha viganja vyake viwili juu ya vitundu, na kombe lote likamwagikia mikononi mwake.

Bi Adija akafumbua macho.

"Fundi! Unafanya nini?"

"Mama, samahani." Mikono imejaa, hakujua aipeleke wapi. "Samahani sana."

"Kuna nini huko?" Abdulrahmani aliuliza kutoka barazani, akaja upesi.

"Kibwana," Leonadi akasema kwa kunong'ona, "si uliapa hakuna anayemwaga maji humu?"

"Maji?" Kibwana alishangaa kwa dhati. "Hilo si maji, fundi. Hilo ni kombe la mama."

Na hapo Leonadi akawa na kila kitu mkononi, kwa maana zote. Sentensi moja tu, mbele ya Abdulrahmani, na jina lake lingekuwa safi kutoka Nangurukuru mpaka Lindi. Akamtazama Bi Adija, amesimama kwenye ngazi na sahani yake tupu, bado macho yake yanauliza. Loo, alitamani ardhi ipasuke. Hakuwahi kutafuta jibu kwa bidii namna ile, wala kulichukia jibu namna ile.

"Unyevunyevu kidogo tu, mama," akaanza. "Mvua nazo, na vumbi la Kipatimu..."

"Usinizunguke," Bi Adija akasema. "Nimekulisha wali wangu. Nionyeshe."

Kwa kidevu Leonadi akamwelekeza Kibwana kwenye mfuko wa rambo. Kibwana akalitoa boksi lililokufa, akampa mama yake. Bi Adija akalipindua mikononi, akachungulia ile kutu ya kijani, akagusa doa kwa ncha ya kidole. Kisha akafanya kama Leonadi angefanya. Akalinusa.

Kuku walipita chini ya lori.

"Zafarani yangu," akasema. "Na marashi yangu ya kununua kwa Bi Kazija, nisiyoyachanganya na maji ya bomba." Akamtazama fundi. "Kwa hiyo taa zilizomzimikia kwenye mteremko ule. Mteremko uleule. Ni mimi?"

Leonadi aliinamisha kichwa, na hilo likawa jibu.

"Adija!" Abdulrahmani akafoka. "Miezi yote hii! Mimi namchafua fundi wa watu, nahangaika na Dar, kumbe ni wewe na sahani zako..."

"Nyamaza, kaka," akasema Bi Adija, wala hakupandisha sauti, na Abdulrahmani akanyamaza. Machozi yalikuwa yanamteremka Bi Adija lakini uso haukukunjamana. Alikuwa anafikiri. Aliitazama dashibodi, akatazama vile vitundu, akalitazama boksi jipya lililokaa ndani kavu na jeusi, kisha akamtazama mwanawe kwenye usukani, kijana mzima mwenye ndevu, kama mtu anayeona jambo lililokuwa wazi siku zote.

"Kibwana, zima gari. Teremka."

"Mama, machungwa..."

"Teremka!"

Akateremka. Bi Adija akashuka ngazi, akamsimamisha mbele yake uwanjani, akamshika kichwa akamwinamisha, maana alikuwa hamfikii, akauinua mrashi na kuutikisa juu ya nywele zake, shingoni, mabegani, kwenye viganja, mpaka shati likaloa na uwanja mzima ukanukia.

"Mimi sikuzaa gari," akasema. "Nimekuzaa wewe. Wakati wote huu nabariki chuma, mtoto nampungia mkono. Simama vizuri!"

Kibwana akasimama vizuri, marashi yanamchuruzika machoni, analia na kucheka, hajui lipi ni lipi. Bi Adija alipomaliza alimgeukia Leonadi, aliyekuwa bado amepiga magoti mle ndani, viganja ameviunganisha, hajamwaga tone.

"Na hilo usilitupe, mwanangu. Hiyo ndiyo mikono inayolishika gari lake. Jipake."

Leonadi akajipaka mikono mpaka kwenye viwiko, kisha, kwa kuwa hakujua adabu ya jambo hilo inataka nini tena, akajipaka na usoni. Alirudisha kifuniko cha dashibodi, akakaza skrubu zake zote. Bi Adija akataka aonyeshwe tena boksi linakaa upande gani hasa na nyaya zinapita wapi, akauliza, akauliza, mpaka akaridhika. Ndipo Kibwana akawasha, indiketa ya kulia ikawaka kulia, na lori likatoka uwanjani taratibu kuelekea Njia Nne. Mama yake alilisindikiza kwa macho mpaka honi ikalia mara moja kule kwenye kona, kwa sababu dereva alitaka ilie.

Leonadi akanawa miguu iliyojaa vumbi, akachukua mfuko wake wa vifaa. Abdulrahmani alikuwa amesimama kando ya baraza, kofia mkononi, akiikunja na kuikunjua. Alikohoa. Alitazama barabara, akatazama kuku, akakohoa tena.

"Fundi," akasema, "jana asubuhi ulinisalimia."

"Ndiyo, mzee."

"Marahaba," akasema Abdulrahmani. "Marahaba, mwanangu. Ngoja nikutafutie usafiri wa kukurudisha Nangurukuru. Na mimi nitashuka nawe pale kwa wachoma mihogo, nina maneno nao."